Poti za zamani kwenye seva mpya: kadi ya PCIe, kebo ya USB, boksi la mtandao, au uiache mashine kuukuu ilipo?

Hii inamhusu mtu ambaye seva mpya imeshafika, haina poti ya seriali inayotosha, na pembeni kuna kifaa ambacho bado kinapiga kazi vizuri tu: mizani ya kiwandani, PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo kiwandani), mashine ya maabara, UPS ya zamani, tepu ya SCSI (njia ya zamani ya kuunganisha diski na tepu), au kile kifunguo cha leseni kinachochomekwa kwenye poti ya printa. Kukibadilisha hakuna hoja. RS-232, kiwango cha hizo poti za seriali, imeanza 1960 na mpaka leo inaongea, kifaa hakina kosa lolote, kinachobadilika ni upande wa seva, nani anakisikiliza na kwa draiva ya nani.

Wengi wanaanza kwa kuuliza ninunue kebo gani, na hapo ndo wanapopotea. Kabla ya kebo uliza vitu viwili. Kwanza, programu yako inaongeaje na kifaa: inauomba mfumo endeshi ufungue COM1 (jina la poti ya seriali kwenye Windows) au /dev/ttyS0 (jina lake kwenye Linux) alafu inasoma na kuandika kistaarabu, au inauruka mfumo na kugusa anwani za poti moja kwa moja, yaani 0x3F8 kwa COM1 na 0x378 kwa LPT1, yaani poti ya printa, kama zilivyowekwa enzi za IBM PC? Pili, kifaa kinavumilia kucheleweshwa milisekunde 20 au kinakata mazungumzo? Ukishajibu haya mawili njia nyingi zinajifuta zenyewe, na umbo la plagi utaona halikuwa swali kabisa maana vigeuza plagi viko kibao.

Kadi ya PCIe

Hii ndo njia iliyo karibu zaidi na ya zamani. Unapata chipu ya UART (inayotuma na kupokea baiti za seriali) ya kweli, kawaida inayofuata mtindo wa 16550 wenye bafa ya baiti 16 au zaidi, inaita prosesa kwa intarapti (ishara ya kuomba ihudumiwe) yake yenyewe, na kuchelewa kwake ni kudogo na kunatabirika, na kwa kazi za viwandani hilo la kutabirika ndo muhimu kuliko hata udogo wenyewe. Kwenye Linux kadi nyingi zinashikwa na draiva ya 8250 ambayo imo ndani ya keneli siku zote, hupakui kitu, hukompaili kitu. Kuna mtego mmoja tu unaosumbua watu: baadhi ya distro (matoleo ya Linux) keneli imewekwa itengeneze poti 4 tu za ttyS, sasa mtu ananunua kadi ya poti 8, anaona chache, anarudisha kadi dukani akidhani ni mbovu. Ongeza 8250.nr_uarts=16 kwenye mstari wa kuwashia keneli, zinajitokeza zote.

Windows Server nayo inaikubali kadi ila inategemea mtengenezaji aliandika draiva ya biti 64 na akaisaini. Toka Server 2008 R2 ya mwaka 2009 Windows Server haina tena toleo la biti 32, kwa hiyo draiva ile ya kwenye CD iliyokuja na kadi mwaka 2004 isahau. Na kuanzia Server 2016, kama Secure Boot (ukaguzi wa sahihi wakati mashine inawaka) imewashwa, draiva mpya ya keneli lazima iwe imesainiwa na Microsoft yenyewe, sahihi ya mtengenezaji peke yake haitoshi. Ukiona maelekezo ya muuzaji yanasema uzime ukaguzi wa sahihi kwenye seva ya kazi, achana na hiyo kadi, hata kama ni bei rahisi kiasi gani.

Sasa kuna jambo watu hawalielewi kuhusu anwani. Kadi ya PCIe haikai 0x3F8. Inapewa anwani na mfumo wakati wa kuwaka, na kwenye Windows unaweza kuiita COM1 kwenye Device Manager lakini hilo ni jina tu. Programu inayofungua "COM1" itafurahi, programu ya zamani inayopiga 0x3F8 moja kwa moja haitaona kitu, na kwanza familia ya NT, ambayo ndo msingi wa Windows za leo, haijawahi kuruhusu programu ya kawaida kugusa poti hivyo, walikuwa wanapitia draiva za pembeni. Linux nako mlango umebanwa: toka keneli 5.4 ya 2019 kuna kitu kinaitwa lockdown, na kwenye distro kubwa kinajiwasha ukiwa na Secure Boot, hapo ioperm, iopl na /dev/port, ambazo ndo njia za programu kugusa poti moja kwa moja, zinakataa, na hata setserial ukitaka kubadilisha anwani au intarapti inakataa. Sio hitilafu, wamekusudia hivyo, na kwa seva wako sahihi.

Udhaifu wake mkubwa ni kwamba kadi imefungwa kwenye chuma. Seva nyembamba za 1U zina sloti chache na zinataka kadi fupi, na ukiwa na mashine pepe basi hiyo VM haitahama kwenda seva nyingine maana poti iko hapa.

Kebo ya USB

Rahisi, zipo kila mahali, na kwa kazi nyingi zinatosha kabisa, wala sikubaliani na wale wanaozikataa zote. Konsoli ya swichi, kusoma UPS, kusetia kifaa mara moja kwa mwezi, tumia USB uendelee na maisha. Ila ukitaka iwe ya kudumu, masaa 24, kwenye seva, kuna mambo.

La kwanza ni chipu. Ndani ya hizo kebo kuna FTDI, Prolific PL2303, CP210x ya Silicon Labs, CH340 ya WCH na nyingine, na Linux inazishika zote na draiva za ndani ya keneli. Windows ndo pana historia mbaya. Oktoba 2014 draiva mpya ya FTDI iliyokuja kupitia Windows Update iliandika sufuri kwenye namba ya utambulisho ya chipu feki, zikafa ghafla, na watu wengi walikuwa hawajui hata kama walizonazo ni feki. Prolific nao waliacha kuhudumia chipu zao za zamani kwenye Windows mpya, kifaa kinaonekana kwenye Device Manager na ujumbe kwamba kimeshaondolewa sokoni toka 2012. Kebo hiyohiyo ukiichomeka kwenye Linux inafanya kazi kama jana. Kwa hiyo kwenye Windows Server nunua chipu kwa muuzaji unayemwamini na ujue modeli yake kamili, maana apdeti ya usiku mmoja inaweza kukuzimia mstari.

La pili ni muda, na hapa ndo watu wanapoteza wiki nzima wakitafuta tatizo lisiloonekana. Chipu ya FTDI inakusanya baiti chache chache na kusubiri hadi milisekunde 16 kabla ya kuzituma. Mtu anayesoma mizani haoni tofauti. Lakini chukua Modbus RTU, lugha ya PLC na mita kwenye seriali: mwisho wa ujumbe unajulikana kwa ukimya wa herufi 3 na nusu, na kwa spidi ya 9600 huo ukimya ni kama milisekunde 4 tu, sasa programu inayopima ukimya kwa saa ya seva itachanganyikiwa kabisa kwa sababu baiti zinamfikia kwa mafungu na mapengo ya uongo katikati. Kwenye Linux unaweza kushusha, unaandika 1 kwenye /sys/bus/usb-serial/devices/ttyUSB0/latency_timer, na Windows kuna sehemu yake kwenye mipangilio ya poti. Inasaidia sana, lakini haigeuzi USB kuwa UART ya kwenye bodi.

La tatu ni majina. ttyUSB0 leo, kesho baada ya kuzima na kuwasha imekuwa ttyUSB1, na programu inatuma amri za printa kwenye PLC, kitu ambacho ni hatari kweli. Usiandike ttyUSB0 popote kwenye mipangilio, tumia /dev/serial/by-id, jina linalotokana na kebo yenyewe. Ila CH340 nyingi hazina namba ya kipekee ndani, zikiwa mbili zinafanana, hapo tumia by-path, jina linalofuata tundu, na usihamishe plagi. Windows nayo kebo isiyo na namba ya kipekee inapewa COM mpya kila ukibadilisha tundu la USB.

Na kwenye eneo lenye mota kubwa au kulehemu, USB inakatika. Ni sekunde tu na inarudi, ila programu ya zamani iliyofungua poti asubuhi haijui kufungua tena, inakaa imeganda mpaka mtu aje. UART ya kwenye kadi haina tabia hiyo kwa sababu haina cha kujitambulisha upya, poti ipo siku zote hata kebo ikichomolewa.

Kuhusu USB kwenda paraleli nitakuwa mfupi: ni printa tu. Zile kebo zinajitambulisha kwa seva kama printa ya USB, sio kama poti ya 0x378, kwa hiyo kifunguo cha leseni, programa ya chipu, mashine ya CNC inayopigwa pini moja moja, hakuna hata kimoja kitakachofanya kazi. Hapo unahitaji kadi ya PCIe yenye paraleli ya kweli, ambayo Linux inaishika na parport_pc na programu inapita ppdev, au mashine ya zamani yenyewe.

Boksi la mtandao

Hili ni boksi lenye poti za seriali upande mmoja na Ethernet upande wa pili. Moxa wana familia ya NPort, Digi wanazo zao, na ukitaka la kwako chukua kompyuta ndogo yenye Linux na uweke programu ya ser2net, kazi ileile. Mazungumzo yanapita TCP, ama baiti tupu ama kwa RFC 2217 ya 1997 ambayo inabeba na mipangilio ya spidi, pariti na zile waya za RTS na DTR za kudhibiti mazungumzo.

Mimi kwa seva za kisasa ndo naliweka mbele kuliko yote, na sababu yangu ni moja, seva haibaki na kitu chochote cha ajabu ndani yake. Haina kadi wala draiva ya keneli ya kuihofia kila apdeti. VM inahama kutoka seva moja kwenda nyingine na mizani haijui kama kuna kilichotokea. Na RS-232 ambayo kwa kawaida watu wanaihesabia mita 15 hivi za kebo, sasa boksi linakaa pembeni ya kifaa na umbali unakuwa wa mtandao. Tahadhari moja: Windows ikitaka kuliona kama COM5 inabidi uweke draiva ya poti ya kuigiza kutoka kwa mtengenezaji, hapo umerudi kwenye hadithi ya draiva, kwa hiyo kama programu inakubali kuunganishwa kwa anwani ya IP moja kwa moja fanya hivyo. Kwenye Linux programu ya socat inakutengenezea poti ya kuigiza bila kugusa keneli, ila haibebi mabadiliko ya spidi, kwa hiyo isetie spidi kwenye boksi.

Tatizo la muda wa Modbus hapa lina dawa nzuri kuliko ya USB: baadhi ya boksi zinaweza kuwa geti la Modbus, zinaongea RTU na kifaa zikiwa palepale pembeni yake, zinapima ule ukimya zenyewe, alafu seva inapata Modbus TCP kwenye poti 502 ambayo haijali ukimya kabisa. Kwa kweli mtu mwenye PLC za RS-485 (seriali inayounganisha vifaa vingi kwenye kebo moja) anayehangaika na kebo za USB aache leo.

Lakini usalama, tafadhali. Boksi nyingi ukilitoa kwenye katoni halina paswedi ya maana na mazungumzo hayajasimbwa. Desemba 2015 kule Ukraine walioshambulia gridi ya umeme waliandika programu mbovu ndani ya boksi hizihizi za kugeuza seriali kwenda Ethernet kwenye vituo vya umeme, zikafa zisiweze kurudishwa, wahudumu wakashindwa kuamuru vifaa kutoka mbali ikabidi watu waende vituoni kurudisha umeme kwa mkono, wateja kama 225,000 wakiwa wamekatikiwa. Weka boksi kwenye VLAN yake (kipande cha mtandao kilichotengwa), fayawoli iruhusu seva moja tu na poti moja tu, badilisha paswedi, zima kurasa za usimamizi usizotumia. Hii sio nyongeza ya hiari, bila hii bora kebo ya USB.

Ukiwa kwenye mashine pepe

ESXi, mfumo wa VMware wa kuendesha mashine pepe, inaweza kuipa VM poti ya seriali ya seva yenyewe, au kifaa cha USB, au poti inayopita mtandao. KVM ya Linux inafanya yote hayo na kadi nzima ya PCIe unaweza kuikabidhi kwa VM kupitia VFIO (njia ya Linux ya kukabidhi kadi), mradi IOMMU (kinachotenganisha kumbukumbu za kadi) imewashwa, na uangalie makundi ya IOMMU, maana kadi ya PCI ya zamani iliyo nyuma ya daraja la PCIe inakwenda pamoja na wenzake wote wa nyuma ya daraja hilo. Hyper-V ya Microsoft ndo ngumu kwa kazi hii: poti ya COM ya VM inaishia kwenye bomba lenye jina, haifiki kwenye poti halisi, na kifaa cha USB hakikabidhiwi kwa VM. Kuna kukabidhi kadi ya PCIe toka Server 2016 lakini kwa ajili ya mizani moja ni kujitesa. Ukiwa Hyper-V nenda boksi la mtandao, usipoteze muda.

Na kumbuka kwamba hata tabaka la chini linaacha vitu vya zamani. ESXi 7.0 ya 2020 iliondoa njia ya kutumia draiva za mtindo wa vmklinux (za zamani zilizotokana na Linux), kadi nyingi zikabaki bila draiva siku ya kuapgredi.

Mfumo upi unavumilia zaidi

Kuna imani kwamba Linux haiachi kitu. Inaacha, ila taratibu na hadharani. Basi la MCA na Token Ring viliondoka 2012, IrDA 2018, ISDN ya zamani 2019, draiva za IDE za mtindo wa kale 2021 huku diski zenyewe zikiendelea kupitia draiva mpya za libata. Kinachoondoka ni kile ambacho hakuna mtu wa kukitunza na kukitesti, na 16550 haimo kwenye hatari hiyo maana kila anayejenga bodi mpya anaitumia kwa konsoli. Angalia pia distro, sio keneli peke yake: RHEL 8, Linux ya Red Hat, iliondoa kadi kadhaa za diski ambazo RHEL 7 ilizishika, watu wakalazimika kuchukua draiva kutoka ELRepo (hazina ya draiva za ziada), sawa, ila sasa kila keneli mpya una swali la ziada.

Windows Server ni tofauti, Microsoft wanatunza vizuri seriali ya kawaida na wewe unabaki mikononi mwa mtengenezaji wa kadi, akifunga biashara draiva imeishia hapo. FreeBSD iko sawa kwa seriali na paraleli kama ndo mfumo wako tayari, na NetBSD ni ya kuheshimu kabisa, bado inawaka hadi kwenye VAX, lakini usihamishe seva ya kampuni kwenda NetBSD kwa sababu ya poti moja, iweke kwenye kompyuta ndogo ya pembeni iwe ndo geti.

Kuiacha mashine ya zamani

Watu wanaionea aibu hii njia na hawapaswi. Kadi ya ISA haina njia ya maana kwenye seva mpya. Programu inayopiga 0x378 haina njia. Basi mashine ile ibaki, lakini isibaki kwenye mtandao wa watu. Windows Server 2003 iliacha kupata marekebisho ya kawaida Julai 14, 2015, karibu kila tundu lililogunduliwa baada ya hapo liko wazi. Ichomoe kwenye intaneti na mtandao wa ofisi, iunganishe na seva mpya kwa kebo moja, na iruhusiwe kutoa faili au kujibu poti moja ya TCP na sio zaidi. Chukua picha kamili ya diski sasa hivi wakati inawaka, uirudishe kwenye diski nyingine uone kama inawaka kweli, badilisha betri ya kwenye bodi kabla mipangilio ya BIOS haijafutika, na utafute pawasapulai ya akiba. Gharama yake sio ya leo, ni ya siku itakapokufa, kwa hiyo iwe ni njia ya kununua muda huku mnatafuta mbadala.

SCSI na flopi

Kwa tepu za SCSI ya paraleli Adaptec 29320LPE ni kadi ya PCIe na Linux inaishika na aic79xx. Kuwaka kutoka kwenye diski ya SCSI kwenye bodi ya UEFI tupu sahau, lakini kusoma tepu haihitaji hilo. Soma tepu zote mara moja, hamishia kwenye diski, maliza. Flopi draivu nyingi za USB zinasoma 1.44 MB na 720 KB za PC basi, miundo mingine mingi inahitaji kitu kama Greaseweazle (kidhibiti cha flopi cha USB), na kama ni mashine ya kiwandani ndo inayotaka flopi, Gotek inakaa mahali pa draivu na kusoma fleshi.

Ningechagua hivi

PLC na mita za RS-485: boksi lenye geti la Modbus, sifikirii mara mbili. Mizani, skana za msimbo wa baa, printa za lebo kwenye VM: boksi pia, au ser2net. Kifaa kimoja kwenye seva moja isiyo pepe na muda unabana: kadi ya PCIe, na Linux kama unaweza kuchagua. UPS na konsoli: USB yenye chipu inayojulikana na jina la by-id. Vifaa vinavyotumia biti ya 9 au pariti ya mark na space: kadi kwanza, maana kebo nyingi za USB zinayumba hapo. Kabla ya kununua chochote fungua mwongozo wa kifaa uone kinatumia waya gani, kama kinategemea RTS na CTS hakikisha adapta inazo kweli, kuna zile za bei rahisi zenye TX, RX na ardhi tu, na usichanganye RS-232 na pini za TTL za volti 3.3, RS-232 inaweza kufika volti 15 chanya na hasi na chipu inaungua hapohapo.

Kifunguo cha leseni cha LPT ndo kinachonipa wasiwasi zaidi ya vyote, kwa sababu hakuna kadi inayokihakikishia maisha na kikifa programu nzima imekufa nacho. Jaribu kadi ya PCIe ya paraleli, baadhi zinakubali draiva mpya ya kifunguo ikipatikana, ila leoleo mwandikie muuzaji wa programu aombwe leseni ya faili au ya USB wakati kile cha zamani bado kinasomeka na unaweza kuthibitisha kwamba ni chako.